Saba, Tano, Sifuri, Sifuri

Uwanja wa ndege wa Dar es Salaam umekaa futi 182 tu juu ya usawa wa bahari. Wa Nairobi umekaa futi 5,327. Rubani aliye kwenye futi 5,000 juu ya Yombo Vituka, hapo Dar, yuko salama salimini. Watoto wa mtaani wanaiona ndege yake ndogo kama kunguru, naye ana nafasi tele ya kugeuka, kufikiri, hata kuomba maelekezo upya. Namba hiyohiyo ikipelekwa Nairobi bila kuongezwa wala kupunguzwa, inamweka rubani huyo futi 327 chini ya lami ya uwanja.

Kifaa kinachompa namba hiyo hakijui ardhi iko wapi. Kinapima mgandamizo wa hewa tu, kisha kinauonyesha kama mwinuko kutoka baharini. Mlima ukiwa mbele, chenyewe hakina habari. Kwa hiyo kwenye mawingu au gizani, kitu kinachomtenga abiria na udongo mara nyingi ni namba iliyotamkwa na mtu mmoja akiwa ndani ya mnara, ikasikiwa na mtu mwingine akiwa angani. Mhadhara huu unahusu namba hiyo, na safari yake fupi kutoka mdomoni hadi sikioni.

Septemba 3, 1974, Boeing 747 ya British Airways ilikuwa inakaribia Nairobi, redioni ikiitwa Speedbird 029. Shirika lenyewe lilikuwa na miezi mitano tu tangu mashirika ya BOAC na BEA yaunganishwe. Uwanja wakati huo ulikuwa bado unaitwa Embakasi. Mwongoza ndege aliiruhusu ishuke hadi futi 7,500, yaani zaidi ya futi 2,000 juu ya uwanja, na namba aliisoma tarakimu moja moja kwa Kiingereza: saba, tano, sifuri, sifuri. Ndani ya chumba cha marubani ikasikika tano, sifuri, sifuri, sifuri.

Futi 5,000. Ikawekwa kwenye vifaa, na ndege kubwa kuliko zote za abiria za wakati huo ikaanza kushuka ndani ya mawingu kuelekea kimo kilichokuwa chini ya uwanja wenyewe. Hakuna aliyekuwa mlevi, hakuna injini iliyozimika. Kila mtu alikuwa akitekeleza kwa uaminifu alichoamini kuwa ameambiwa. Kilichowaokoa ni kwamba mawingu yaliisha kabla ya ardhi. Walipochomoza chini yake waliona nchi imewafikia usoni, wakaivuta ndege juu. Mahali ilipokuwa chini zaidi palikuwa takriban futi 70 kutoka ardhini. Kwa mtu wa pwani kipimo hicho hakihitaji rula: ni urefu wa mnazi uliokomaa.

Ndege ilitua baadaye bila mtu kuumia. Siku 78 baadaye, Novemba 20, uwanja uleule ulishuhudia Boeing 747 nyingine, ya Lufthansa, ikianguka mara tu baada ya kuruka. Watu 59 kati ya 157 walikufa, na huo ukawa msiba wa kwanza wa vifo kwa aina hiyo ya ndege duniani. Sababu yake ilikuwa nyingine kabisa, vibawa vya ukingo wa mbele wa mabawa havikufunguliwa ipasavyo, na haihusiani na redio. Lakini ndiyo inayokumbukwa. Ile ya Septemba imebaki kwenye ripoti za wachunguzi na kwenye madarasa ya marubani, kwa sababu haikuacha makaburi. Ni hasara, maana tukio ambalo wahusika wote walibaki hai kulieleza lina mafunzo kuliko mabaki yaliyoungua.

Mtu akiziandika namba hizo mbili moja chini ya nyingine ataona jinsi sikio lilivyodanganywa. Ndani ya saba-tano-sifuri-sifuri mna tano-sifuri-sifuri nzima, imekaa kwa mpangilio wake. Tarakimu ya kwanza ikimezwa na mkwaruzo, au ikiingia wakati rubani bado anageuza fikra kutoka kwenye kazi nyingine, kinachobaki ni tano-sifuri-sifuri. Sikio linajua kwamba mwinuko wa kushukia una tarakimu nne, basi linajaza pengo kwa sifuri moja zaidi. Na namba iliyopatikana si ya ajabu. Viwanja vingi vikubwa vya dunia viko karibu na usawa wa bahari, na huko futi 5,000 ni kituo cha kawaida cha kushukia. Sikio huchukua kidogo kinachofika, likamalizia kwa kile lilichozoea. Mzoefu ndiye aliye na mazoea mengi zaidi ya kumaliziwa nayo, na hapa ndipo uzoefu unapogeuka hatari badala ya kinga.

Redio yenyewe haimsaidii. Mawasiliano ya ndege na mnara husafiri katika masafa ya megahezi 118 hadi 137, na sauti inayopitishwa ni nyembamba, kama ya simu ya zamani. Sauti za juu hukatwa. Sauti za juu ndizo zinazobeba herufi kama s na f, zile za kupuliza hewa kati ya meno na midomo. Irabu hupita salama, konsonanti huchujwa. Pia watu wawili wakibonyeza kitufe kwa pamoja, hakuna anayesikika vizuri. Wengine wanapata mluzi. Mluzi wa namna hiyo ulisikika Tenerife, visiwa vya Kanari, Machi 27, 1977, ukafunika maneno ambayo yangeweza kumsimamisha rubani aliyekwisha kuanza kukimbia ili aruke. Walikufa watu 583, na hadi leo hakuna ajali ya ndege iliyoua watu wengi kuliko hiyo.

Kwa sababu ya uchujaji huo, Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, liliamua kuzitamka tarakimu za Kiingereza kwa namna ambayo Mwingereza mwenyewe hasemi nyumbani kwake. Tatu inaitwa «tri», bila ile th ya ulimi kati ya meno. Tano ni «faif», yenye f mwanzo na mwisho. Nne ina silabi mbili, «fowa». Tisa imeongezewa mkia ikawa «naina», kwa kuwa tano na tisa za Kiingereza zina irabu moja katikati, na konsonanti zikichujwa hakuna kinachozitenganisha. Anayekuja kutoka Songea au Tanga akajifunza urubani hahitaji kuona haya kwa lafudhi yake. Hapa wenye lugha ndio walioambiwa wabadilishe matamshi, na «tri» ya ICAO iko karibu zaidi na ulimi wa Mswahili kuliko ulimi wa London.

Taratibu za leo zinataka pia mwinuko wa mamia na maelfu kamili utajwe kwa maneno yake: elfu saba mia tano, si tarakimu nne mfululizo. Uingereza wamekwenda mbali zaidi. Kiwango cha anga cha 100, namba inayohesabu mamia ya futi, wanakiita mia moja, ili kisichanganyike na 110 ambacho tarakimu zake ni moja, moja, sifuri. Mabadiliko kama haya yanaonekana madogo kwa asiye wa kazi hiyo. Yanatokana na matukio ambayo mtu fulani, mahali fulani, alisikia sivyo.

Kiswahili hakina sababu ya kujiona salama. Kina mitego yake, na mingine ni mikali kuliko ya Kiingereza.

Chukua sita na tisa. Ni sauti zilezile, s na t, zimebadilishana viti. Zikiongezwa mkia zinakuwa sitini na tisini, na zikiwekwa karibu na sabini, mtu anayesikiliza simu mbaya akiwa ndani ya daladala la Mbagala anasikia «-ini» tu. Thelathini na themanini zinaanza sawa, zinaisha sawa, na zina silabi nne nne. Nne na nane zinatofautishwa na irabu moja, na nne yenyewe inaanza kwa n inayosimama peke yake puani, ambayo kelele kidogo tu huimeza. Anayesema kumi na nne na anayesema kumi na nane wanahitaji kuonana uso.

Halafu kuna elfu. «Elfu kumi na tano» inaweza kuwa 15,000 na inaweza kuwa 10,005. Sokoni Tandika hakuna anayepata tabu, kwa kuwa hakuna muuza mitumba anayeuza suruali kwa shilingi elfu kumi na senti za kuokotwa. Bei inajisahihisha yenyewe kwa akili ya soko. Mwongoza ndege hana soko la kumsahihisha. Watu wanaotaka kuwa wazi hugeuza, wakasema «kumi na tano elfu», na ugeuzaji huo ni kazi ileile ICAO ilifanya ilipotenganisha maelfu na mamia.

Jambo linalostahili kutazamwa kwa makini ni kwamba mtego wa sita na tisa haukuwa wa asili. Sita, saba na tisa ziliingia pwani kutoka Kiarabu. Kabla yake Waswahili walikuwa na majina yao. Sita ilikuwa tandatu. Saba imebaki ndani ya neno fungate, zile siku saba za maarusi. Tisa ilikuwa kenda, na wazee wa pwani pamoja na washairi bado wanalo neno hilo. Hakuna redio mbovu kiasi cha kumfanya mtu aliyesikia kenda afikirie sita. Wakati wataalamu wa anga walikuwa wakiikokota tisa ya Kiingereza kuwa «naina», lugha ya pwani ya Afrika Mashariki ilikuwa na tisa iliyo salama imelala kabatini. Hili linasemwa kwa heshima yote kwa Kiarabu, kilichoipa lugha hii utajiri mkubwa. Lugha yoyote inaweza kubeba hatari bila kujua, na inaweza pia kuwa na dawa yake bila kuikumbuka.

Mitaa ya Dar nayo imejitengenezea dawa. Konda akisema jero, hakuna anayesikia buku. Mia tano na elfu moja zimepewa majina yasiyofanana hata herufi moja ya mwanzo, na noti ya elfu kumi ikawa msimbazi. Wanaisimu huyaita hayo misimu ya vijana. Inawezekana kuyaona pia kama kazi ya uhandisi: kwenye gari lililojaa, muziki juu, injini inanguruma, watu wanaoshika fedha wamechagua maneno yanayopenya kelele. Hawakukaa kikao, wala hawakuandika kanuni. Walichoka kugombana kuhusu chenji.

Lakini kutamka vizuri ni nusu tu ya kinga. Nusu ya pili ni kurudia.

Februari 19, 1989, Boeing 747 ya mizigo ya kampuni ya Flying Tiger ilikuwa inakaribia Kuala Lumpur, Malaysia, ikitokea Singapore. Mwongoza ndege aliipa ruhusa ya kushuka futi 2,400. Alisoma tarakimu moja moja. Kwa Kiingereza tarakimu mbili na neno linalomaanisha «hadi» vinatamkwa sawasawa, kwa hiyo «mbili-nne-sifuri-sifuri» ilifika masikioni mwa marubani kama «hadi nne-sifuri-sifuri». Futi 400. Kwa Kiswahili kosa hilo lisingewezekana kabisa, maana mbili na hadi hazikaribiani hata kidogo. Kila lugha ina mlango wake wa nyuma, na mlango wa Kiingereza uko hapo.

Marubani walijibu: sawa, nne-sifuri-sifuri. Hapo ndipo moyo unapouma, kwa sababu walirudia. Walitimiza wajibu wao, wakamrudishia mwongoza ndege namba waliyoisikia, na ilikuwa na makosa yake wazi, imewekwa mezani. Haikusahihishwa. Ndani ya ndege, kifaa cha kuonya juu ya ukaribu wa ardhi kililia, wao wakaendelea kushuka, ikagonga kilima. Wote wanne waliokuwamo walikufa.

Kurudia kunafanya kazi pale tu anayerudiwa anaposikiliza. Na kusikiliza marudio ni kazi ngumu kuliko inavyoonekana. Mwongoza ndege aliyetoa namba anajua alichosema. Inaporudi, masikio yake yako tayari kuisikia kama alivyoituma, huku macho yamekwisha hamia kwa ndege inayofuata. Ni ugonjwa uleule wa mazoea uliowapata marubani wa Nairobi, safari hii umehamia upande wa pili wa redio. Ndiyo maana taratibu za kimataifa hazilihesabu neno tupu la kuonyesha umepokea ujumbe kuwa jibu, bali zinataka mambo ya uhai yarudiwe kikamilifu: mwinuko, njia ya kurukia, uelekeo, kasi, mgandamizo wa hewa, na ile namba ya utambulisho ya tarakimu nne ambayo rubani huiweka ili radar imjue. Hiyo ya mwisho hutumia tarakimu kuanzia sifuri hadi saba tu. Nane na tisa hazimo kabisa, na hapo tisa imepata mapumziko.

Anayetaka kuona urudiaji unaofanya kazi hahitaji kupanda ndege. Asimame kwenye kibanda cha wakala wa fedha za simu, Tandale au Tandika. M-Pesa iliingia Tanzania mwaka 2008, na tangu hapo mamilioni ya watu wamejifunza, bila mwalimu, kuwasiliana kwa tarakimu. Mteja anasoma namba ya simu tarakimu moja moja, anagawa makundi, anapumua katikati. Wakala anarudia. Kisha simu inatoa jina la mwenye namba kabla fedha haijaondoka, na wakala anauliza: ni fulani? Hapo ndipo mfumo huu unapouzidi ule wa redio ya 1974. Namba iliyosikiwa vibaya inarudi ikiwa na sura nyingine, jina la mtu, na mteja anakataa papo hapo. Si yeye. Kosa la tarakimu limekamatwa na kitu kisicho tarakimu.

Ndani ya anga kitu hicho ni radar. Tanzania sasa ina radar za kuongozea ndege za kiraia Dar es Salaam, Kilimanjaro, Mwanza na Songwe, zinazosimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA. Mwongoza ndege haishii kusikia futi ngapi rubani amekubali. Anaona kimo cha ndege kwenye kioo. Anayeshuka kupita alipoambiwa anaonekana. Ile ya Nairobi ingeweza kuonekana.

Hata hivyo kuna namba ambayo radar na urudiaji vyote vinaweza kuiacha ipite. Mei 23, 2022, Airbus A320 ilikuwa inatua uwanja wa Charles de Gaulle, Paris, mvua ikinyesha. Mwongoza ndege aliwapa marubani mgandamizo wa hewa kuwa 1011. Ulikuwa 1001. Marubani walisikia vizuri, wakarudia vizuri, wakaweka vizuri namba isiyo sahihi. Tofauti ya hektopaskali 10 inafanya kipima-mwinuko kidanganye kwa karibu futi 280, na njia waliyokuwa wakitumia kutua iliegemea kifaa hicho. Walipoamua kupanda tena, mahali pa chini kabisa walipofika, kabla ya njia ya kutua, palikuwa futi 6 kutoka ardhini. Kutoka mnazi wa Nairobi hadi kimo cha mtu mzima aliyesimama.

Ndani ya tukio hilo kuna jambo dogo ambalo wachunguzi wa Ufaransa waliliandika, na linafaa kufikiriwa hapa kwetu. Katika dakika zilezile mwongoza ndege huyo alizungumza na ndege ya Air France kwa Kifaransa, na kwa Kifaransa alitaja 1001, iliyo sahihi. Ulimi uliteleza katika lugha ya pili. Na marubani wa ndege nyingine, walioambiwa 1011 kwa Kiingereza, walirudia 1001 kwa kuwa ndiyo waliyokuwa nayo kwenye taarifa za hali ya hewa. Marudio yalikuwa sahihi kuliko maagizo, na hayakugutusha mtu.

Karibu waongoza ndege wote wa Afrika Mashariki wanafanya kazi hii katika lugha ya pili au ya tatu, siku nzima, na wengi wa marubani wanaozungumza nao vilevile. ICAO ilitambua uzito huo. Novemba 12, 1996, ndege mbili ziligongana angani Charkhi Dadri, India, watu 349 wakafa, baada ya ndege ya Kazakhstan iliyopewa futi 15,000 kushuka hadi kwenye njia ya ndege ya Saudia iliyokuwa kwenye 14,000. Miaka iliyofuata mashaka juu ya lugha yalizaa ngazi sita za ufasaha wa Kiingereza, na kuanzia Machi 5, 2008, ngazi ya nne ikawa sharti la kimataifa kwa rubani na mwongoza ndege. Ni hatua njema. Ila ufasaha wa kueleza jambo ni kitu kimoja, na kutotelezesha sifuri baada ya saa nyingi za kazi ni kitu kingine. Hilo la pili halipimwi kwa mtihani wa mazungumzo. Linategemea zamu zisizochosha, idadi ya watu kwenye mnara, na usingizi wa kutosha. Anayelitaka taifa lenye anga salama aulize pia waongoza ndege wake wanalala saa ngapi.

Hadi 1977 hili lilikuwa swali la nchi tatu kwa pamoja. Kurugenzi moja ya usafiri wa anga ya Jumuiya ya Afrika Mashariki iliziongoza anga za Kenya, Uganda na Tanzania, na shirika moja, East African Airways, liliruka kati yake. Kosa la Nairobi la 1974 lilikuwa la nyumbani hata kwa Dar. Jumuiya ilipovunjika kila nchi ilibaki na mnara wake na shule yake. Hapa Dar es Salaam kuna Chuo cha Usafiri wa Anga, ambako vijana wanafundishwa «tri», «faif» na «naina», na pia kuishi na saa tatu kwa wakati mmoja.

Saa hizo tatu si maneno ya kupamba. Ndege inayoondoka Dar alfajiri imeandikwa 06:00 kwenye tiketi. Abiria wa Temeke anaijua kama saa kumi na mbili. Mnarani inaandikwa 0300, kwa kuwa anga ya dunia nzima hutumia saa moja ya pamoja, iliyo nyuma ya yetu kwa saa tatu. Tukio moja lina namba tatu, na zote ni za kweli. Mtu anayempigia jirani simu kumwambia ndege ni saa sita, akiwa ameisoma tiketi kama ilivyoandikwa, hajasema uongo. Amemkosesha safari tu. Mwongoza ndege Mtanzania huhama kati ya saa hizo kila anapoingia na kutoka kazini. Akimwambia mkewe kwamba anatoka saa moja, na daftari lake likasema 1600, ubongo wake umekwisha fanya hesabu ambayo mwenzake wa Ulaya hajawahi kuombwa kuifanya. Mazoezi hayo ya kila siku ya kutoiamini namba tupu, ya kuuliza saa moja ipi, asubuhi au jioni, ya Kiswahili au ya Kizungu, ni mtaji ambao hakuna aliyeuandika kwenye mtaala.

Ndege ndogo za Zanzibar, Mafia na mbuga za kusini huondoka Terminal One kutwa nzima, na kubwa hupita kwa kishindo. Kibandani kwa wakala, Yombo Vituka, mama mmoja anayemtumia mwanawe ada alikuwa anasoma namba kutoka kwenye kipande cha karatasi. Sifuri, saba, tano, sita. Mngurumo ukaja kutoka upande wa uwanja, bati la kibanda likatetemeka. Mama akaendelea kusoma, midomo inacheza, sauti haipo. Wakala, binti wa miaka kama ishirini, aliinua kiganja, akatoa kidole chake kwenye simu, akangoja. Ndege ilipopita alifuta zote alizokwisha andika.

«Anza upya, mama.»

«Nimefika kwenye tisa.»

«Nimeandika sita. Anza tu kwenye sifuri.»